Joan wa Shaw: Kesi iliyoendeshwa na waungwana

MPENZI msomaji, tamthilia nyingi za mahakamani hutuamulia mambo mapema. Pazia likifunguliwa tu, tunamwona hakimu mla rushwa, shahidi mwongo na mshtakiwa asiye na hatia. Tunamchukia wa kwanza, tunamzomea wa pili na kumlilia wa tatu. Tukitoka ukumbini roho zetu ni nyeupe, kwa kuwa ubaya wote tumeuacha jukwaani.

Tamthilia ninayowaletea Jumapili hii haitupi raha hiyo. Inaitwa Saint Joan, na mtunzi wake ni George Bernard Shaw, mzaliwa wa Dublin, Ireland. Iliigizwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Garrick, jijini New York, tarehe 28 Desemba 1923. Machi mwaka uliofuata ikafika London, na haikuchukua muda mrefu kabla ya Shaw kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka 1925.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Ni cha msichana wa kijijini aliyesema kwamba alisikia sauti za watakatifu, akaongoza jeshi la Ufaransa, akamfikisha mfalme kwenye taji lake, kisha akateketezwa kwa moto akiwa na umri wa miaka 19 hivi. Kosa lake? Uzushi wa dini. Miaka 25 baadaye hukumu hiyo ilifutwa, na mwaka 1920 Kanisa lile lile ambalo mapadri wake walimhukumu likamtangaza kuwa mtakatifu.

Shaw alikisimulia kisa hiki kwa namna iliyowakera wengi. Alisema mahakimu wa Joan hawakuwa wabaya. Walikuwa wasomi, wapole, wacha Mungu, waliotaka kwa moyo mkunjufu kuiokoa roho ya msichana huyo.

Basi labda utauliza, ikiwa mahakama ilijaa watu wema, msichana alifikaje motoni? Hilo ndilo swali letu la leo.

BINTI WA MKULIMA

Kwanza tuzikumbuke habari zenyewe, hasa kwa faida ya wanafunzi.

Joan, ambaye Wafaransa humwita Jeanne, alizaliwa mnamo 1412 katika kijiji cha Domrémy, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jacques d'Arc, alikuwa mkulima. Mama yake, Isabelle Romée, ndiye aliyemfundisha sala zake. Kusoma na kuandika hakujua.

Wakati huo Ufaransa na Uingereza zilikuwa zikipigana vita ambavyo wanahistoria huviita Vita vya Miaka Mia, vilivyoanza 1337 na kumalizika 1453. Mkataba uliotiwa sahihi mjini Troyes mwaka 1420 ulikuwa umemnyima Charles, mwana wa mfalme wa Ufaransa, haki ya kurithi kiti cha baba yake, na kuwapa Waingereza. Charles alibaki mfalme wa jina tu, hana taji wala fedha, na jeshi lake limekata tamaa.

Joan alikuwa na umri wa miaka 13 hivi aliposikia sauti kwa mara ya kwanza. Mwenyewe alieleza mahakamani kwamba ilikuwa wakati wa kiangazi, karibu na adhuhuri, akiwa katika bustani ya baba yake. Baadaye alisema waliomzungumzia ni Malaika Mikaeli, Mtakatifu Katarina na Mtakatifu Margareta. Walimwagiza aende kumsaidia mfalme.

Mapema mwaka 1429 alifika mbele ya Charles katika ngome ya Chinon. Wanazuoni wa Kanisa walimhoji mjini Poitiers kwa takriban majuma matatu na hawakuona ubaya wowote kwake. Naomba msomaji ulishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Tarehe 8 Mei 1429 Waingereza waliokuwa wameuzingira mji wa Orléans waliondoka. Tarehe 17 Julai mwaka huo huo, Charles alitawazwa katika kanisa kuu la Reims, Joan amesimama kando akiwa na bendera yake mkononi. Yote hayo yalitimia ndani ya miezi michache, na msichana mwenyewe ana miaka 17!

Lakini mchana haukosi jioni. Mei 1430 alitekwa mjini Compiègne na Waburgundi, Wafaransa waliokuwa wakiwaunga mkono Waingereza. Hao wakamuuza kwa Waingereza kwa livre 10,000, fedha za Ufaransa za zama hizo. Mfalme Charles, aliyekuwa na deni kubwa kwa msichana huyu, hakumkomboa.

MAYAI, UPEPO NA TAJI

Shaw anaigawa tamthilia yake katika maonyesho sita na hitimisho. Anayetarajia kuanza kwa ngurumo na panga atashangaa, kwa sababu mchezo unaanza kwa ugomvi wa mayai.

Robert de Baudricourt, kabaila na kamanda wa Vaucouleurs, anamfokea mtumishi wake kwa kukosa yai hata moja la kumpelekea mezani. Mtumishi anajitetea kwamba kuku hawatataga mpaka msichana aliye nje ya lango asikilizwe. Kabaila anamwita Joan ili amtishe, lakini baada ya mazungumzo mafupi anajikuta amempa farasi, askari na ruhusa ya kwenda kwa mfalme. Muda si muda mtumishi anaingia mbio: kuku wanataga ovyo!

Watazamaji hucheka, na Shaw anataka wacheke. Lakini chini ya kicheko hicho kuna swali zito: muujiza ni nini? Katika onyesho la pili, huko Chinon, Askofu Mkuu wa Reims anafafanua kwamba muujiza ni tukio linalozaa imani, hata kama aliyelitenda anajua lilivyofanyika. Katika onyesho la tatu, kamanda Dunois anausubiri upepo ubadili mwelekeo ili mashua zake ziweze kupanda Mto Loire. Joan anafika, na bendera ndogo iliyo kwenye mkuki inageuka. Je, ni Mungu au ni hali ya hewa? Shaw hajibu. Anatuachia.

Joan mwenyewe hana makuu, ila hajui kupaka maneno mafuta. Mwana wa mfalme anamwita Charlie, maaskofu anawajibu kana kwamba ni wajomba zake, na majenerali anawaambia wazi wanapokosea. Vijana humpenda papo hapo. Wazee hujikuna vichwa.

Katika onyesho la tano, baada ya kutawazwa kwa mfalme, tunaona gharama ya tabia hiyo. Ndani ya kanisa kuu la Reims, mmoja baada ya mwingine wanamwonya: mfalme, askofu mkuu, hata rafiki yake Dunois. Wanamwambia kwamba akitekwa, asitarajie wa kumkomboa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hapa mgema hakulitia maji hata tone. Walioshiba tembo lake ndio waliochoka kumwona.

MAZUNGUMZO HEMANI

Onyesho la nne ndilo gumu zaidi kwa wanafunzi, na ndilo lenye ufunguo wa kesi yote. Hakuna vita humo, hakuna Joan. Ni watu watatu wanaozungumza ndani ya hema la Waingereza.

Wa kwanza ni Warwick, mwanasiasa na kabaila wa Uingereza. Wa pili ni Padri de Stogumber, Mwingereza mwenye jazba, ambaye Shaw alimbuni mwenyewe. Wa tatu ni Pierre Cauchon, Askofu wa Beauvais, ambaye ndiye aliyeongoza kesi katika historia halisi.

Warwick anamwogopa Joan kwa sababu anawafundisha watu kwamba nchi ni ya mfalme mmoja na wananchi wake. Hilo likishika, makabaila kama yeye watabaki na nini? Cauchon anamwogopa kwa sababu anadai kuzungumza na Mungu moja kwa moja, bila kupitia kwa Kanisa. Kila mchunga kondoo akifanya hivyo, anauliza, ni nani atakayetenganisha neno la Mungu na ndoto za usingizini?

Tazama ufundi wa Shaw hapo. Hofu hizo mbili si za kijinga. Sisi wenyewe tumewahi kuwaona watu waliodai kutumwa na Mungu wakawapoteza wafuasi wao. Hakuna mzazi ambaye angefurahi mwanawe akimfuata kila anayesema ameoteshwa. Askofu ana hoja.

Tofauti yao ni moja. Askofu anasema nia yake ni kuiokoa roho ya msichana. Warwick anataka achomwe. Hata hivyo wanaondoka hemani wakiwa wamekubaliana kushirikiana. Hapo ndipo mtazamaji makini huanza kuhisi baridi.

MTEGO WA MASWALI

Kesi halisi ilifanyika mjini Rouen, uliokuwa mikononi mwa Waingereza. Ilianza Januari 1431, na kikao cha kwanza ambacho Joan aliletwa kuhojiwa kilikuwa tarehe 21 Februari. Cauchon alikaa pamoja na Jean Le Maistre, mwakilishi wa baraza la Kanisa lililokuwa likichunguza uzushi, na kuwazunguka walikuwa makumi ya wanazuoni wa dini na wanasheria.

Makarani waliandika maswali na majibu, na kumbukumbu hizo zimehifadhiwa hadi leo. Ni hazina kwa watunzi wa tamthilia, kwa sababu majibu ya msichana yule yana uhai kuliko ambayo mtu angeweza kuyatunga.

Waliulizana naye juu ya Malaika Mikaeli: je, alipomtokea alikuwa uchi? Akawajibu kwa kuwauliza kama wanadhani Mungu hana nguo za kumvika. Walitaka kujua kama Mtakatifu Margareta huzungumza Kiingereza. Akashangaa kwa nini azungumze Kiingereza ilhali hayuko upande wa Waingereza.

Kisha ukatupwa mtego mkubwa. Waliuliza iwapo anajua kuwa yumo katika neema ya Mungu. Angesema ndiyo, angekuwa amejitia kiburi cha kujua asilopaswa mwanadamu kulijua. Angesema la, angekuwa amejihukumu mwenyewe. Joan alijibu kwamba ikiwa hayumo, anamwomba Mungu amtie, na ikiwa yumo, amweke humo humo. Baadaye karani mmoja wa mahakama alishuhudia kwamba waliouliza walipigwa na bumbuazi.

Mashtaka 70 yaliandikwa, kisha yakafupishwa kuwa 12. Kubwa kati ya hayo lilikuwa kwamba anazitii sauti zake kuliko Kanisa lililo duniani, na kwamba anavaa mavazi ya kiume. Katika tamthilia, mkuu wa uchunguzi anayatupilia mbali mashtaka madogo madogo, kama lile la farasi wa askofu, na kuwakumbusha wenzake kwamba suala ni uzushi. Anatoa hotuba ndefu, ya upole kama ya babu anayewasimulia wajukuu, akieleza jinsi uzushi unavyoanza kwa watu wema na kuishia katika maangamizi. Ukiisikiliza hotuba hiyo bila kujihadhari, utajikuta unatikisa kichwa kukubali.

KARATASI YA KUKANA

Kilele cha mchezo ni karatasi. Joan, amechoka na kuuona moto ukimsubiri, anakubali kutia alama kwenye hati ya kukana sauti zake. Ndipo anapoambiwa kwamba hatachomwa, lakini atafungwa maisha kwa mkate na maji. Anaichana hati. Anaeleza kwamba mkate na maji havimtishi. Linalomshinda ni kuzuiwa asione mashamba na mwanga, asisikie kengele za kanisa zikiletwa na upepo, wala kondoo wakilia. Nayo sauti inayomshauri akubali kunyimwa vitu hivyo, anasema, haiwezi kutoka kwa Mungu.

Shaw alibana matukio hayo katika siku moja, kama watunzi wa tamthilia wafanyavyo. Katika historia yalichukua karibu juma zima. Joan alikana tarehe 24 Mei 1431, mbele ya umati katika makaburi ya Saint-Ouen. Tarehe 28 alikutwa gerezani amevaa tena mavazi ya kiume, na akasema kuwa watakatifu wake walimlaumu kwa usaliti alioufanya ili kuokoa maisha yake. Karani aliandika pembeni mwa ukurasa kwamba hilo lilikuwa jibu la mauti. Tarehe 30 Mei aliteketezwa katika uwanja wa soko la zamani la Rouen, na majivu yake yakatupwa katika Mto Seine.

SHAW ALIPOTELEZA

Hapa, mpenzi msomaji, naomba tumvute Shaw kando kidogo.

Katika dibaji ndefu aliyoiandikia tamthilia yake, Shaw anadai kuwa Joan alihukumiwa kwa haki kuliko ambavyo mfungwa wa aina yake angehukumiwa katika mahakama za serikali za wakati wa Shaw. Wengi wameisoma dibaji hiyo na kuikubali. Lakini kumbukumbu za kesi, pamoja na ushahidi uliotolewa baadaye, zinasimulia mengine.

Mosi, gereza. Mshtakiwa wa Kanisa alistahili kuzuiliwa katika gereza la Kanisa, na mwanamke alindwe na wanawake. Joan aliomba hivyo mara kadha. Badala yake alifungwa kwa minyororo katika ngome ya Waingereza, akilindwa na askari wanaume. Ndiyo sababu suala la mavazi yake halikuwa dogo kama linavyoonekana.

Pili, mtetezi. Msichana asiyejua kusoma alikabili wanazuoni makumi kwa majuma mengi bila wakili. Kesi ilipokuwa imekwenda mbali, aliambiwa achague mshauri kutoka kwa wanazuoni hao hao waliokuwa wakimhoji. Alishukuru, akakataa.

Tatu, rufaa. Aliomba apelekwe kwa Papa, Baba Mtakatifu. Alijibiwa kwamba Papa yuko mbali mno.

Nne, hati. Mashahidi walieleza baadaye kwamba karatasi aliyosomewa pale makaburini ilikuwa fupi, ya mistari kama minane tu. Hati iliyowekwa katika kumbukumbu za mahakama ni ndefu zaidi.

Tano, na hili ndilo linalouma kuliko yote. Mfalme wa Uingereza alipomkabidhi Joan kwa Cauchon, Januari 1431, aliandika kwamba asipopatikana na hatia ya mambo ya imani, atarudishwa mikononi mwake. Kwa maneno mengine, mlango wa mahakama hiyo ulikuwa wa kuingilia tu. Gharama za kesi nazo zililipwa na Waingereza.

Je, hakuna aliyeona? Waliona. Mwanasheria Jean Lohier aliombwa maoni yake, akasema kesi hiyo haina nguvu kisheria, kwani inaendeshwa mahali ambapo watu hawako huru kusema, na msichana hana wa kumshauri. Kisha akaondoka Rouen. Nicolas de Houppeville alipinga pia, akitaja kwamba Joan alikwisha kuchunguzwa na wanazuoni wa Poitiers. Alitiwa gerezani.

Waliosalia, wengi wao wakiwa waungwana kweli, walinyamaza. Kila mmoja alifanya kipande chake kidogo. Mmoja aliuliza swali. Mwingine aliandika. Mwingine alitoa maoni ya kitaalamu. Hakuna aliyedhani kwamba yeye ndiye aliyewasha moto.

Kwa hiyo Shaw alikuwa sahihi kwa nusu. Ni kweli kwamba haihitajiki mtu mwovu ili mtu asiye na hatia aangamizwe. Lakini wema wa mahakimu haukuifanya kesi kuwa ya haki. Kinyume cha hivyo, wema wao ulikuwa pazia. Kwa kuwa walijiona wema, hawakuona haja ya kumpa msichana mtetezi.

PADRI ALIYELIA

Tamthilia ina mhusika mmoja anayelieleza hilo kuliko hoja yoyote. Ni yule de Stogumber, padri mwenye jazba. Kesi nzima yeye ndiye anayepiga kelele kwamba msichana achomwe. Anakimbia nje kushuhudia.

Sisi watazamaji hatuuoni moto. Tunaona mwanga wake tu. Kisha padri anarudi akiyumbayumba, analia kama mtoto. Anasema hakujua. Alikuwa ametumia neno kuchoma mara mia, lakini hakuwahi kuliona likiwa kitendo. Anasimulia kwamba Joan aliomba msalaba, na askari mmoja Mwingereza akamfungia vijiti viwili. Jambo hilo la msalaba wa vijiti limo pia katika ushahidi wa kihistoria.

Naam, msomaji, ni mara ngapi tunatamka maneno ambayo hatujayaona yakiwa vitendo? Mfukuzeni. Mkataeni. Si mwanangu tena. Maneno ni mepesi ukiwa ndani ya chumba. Uzito wake huko nje hubebwa na mwingine.

WALIPIGA MAGOTI, WAKAKIMBIA

Haki ilikuja, lakini kwa mwendo wa kobe. Novemba 1455 mama yake, Isabelle, sasa mzee, alifika katika kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris kuomba kesi ya binti yake isikilizwe upya kwa idhini ya Papa Callixtus wa Tatu. Mashahidi zaidi ya 100 walihojiwa. Tarehe 7 Julai 1456, pale pale Rouen, hukumu ya 1431 ilitangazwa kuwa batili.

Tusiwe watoto wadogo. Mfalme Charles naye alikuwa na sababu zake, kwani hakupenda isemwe kuwa taji lake alipewa na mzushi. Hata hivyo, kilichomwokoa Joan ni daftari zile zile zilizoandikwa ili kumhukumu. Makarani walikuwa wameyahifadhi majibu yake, na waliokuja nyuma wakayasoma.

Hitimisho la Shaw linafanyika mwaka huo wa 1456, chumbani mwa Charles, usiku. Joan anamtokea, na baada yake wanaingia Cauchon, Dunois, Warwick, mchomaji na wengineo. Anaingia pia bwana mmoja aliyevaa mavazi ya 1920, kuwajulisha kwamba Joan amefanywa mtakatifu. Wote wanapiga magoti kumsifu, kila mmoja kwa niaba ya watu wake.

Ndipo Joan anapowauliza swali jepesi: basi nifufuke, nirudi kwenu nikiwa hai? Kimya. Mmoja mmoja wanainuka, wanatoa udhuru, wanatoka. Aliyekufa wanampenda. Aliye hai hawamwezi.

KWENU NYUMBANI

Wanafunzi wanaosoma fasihi, au wanaojiandaa kwa tamasha la drama la shule na vyuo, wana mengi ya kuchota hapa. Soma onyesho la sita kwa sauti, ukibadilishana nafasi na wenzako. Leo uwe Joan, kesho uwe Cauchon. Ukishindwa kuisema hoja ya Cauchon kwa dhati, bado hujaielewa tamthilia. Na ukishaisema, jiulize: ni nini ambacho mtu huyu mwenye hoja nzuri hakukifanya?

Walimu wa historia nao wanaweza kulinganisha mchezo na habari za kweli, kama tulivyofanya. Ni zoezi zuri la kuwafundisha vijana kwamba mtunzi mkubwa anaweza kuwa na jicho kali na bado akateleza.

Kwa wazazi nina neno moja. Kila nyumba ina mahakama yake, na aghalabu huketi baada ya chakula cha jioni. Mtoto amesema jambo lisilo la kawaida: hataki kozi tuliyomchagulia, ameokoka katika kanisa tusilolijua, au ameacha kwenda msikitini au kanisani, na anasema dhamiri yake imemwambia. Baba, mama, shangazi na ami wote wapo, wote wanampenda, wote wana hoja. Yeye yuko peke yake kwenye kiti.

Huenda amekosea kweli. Sauti nyingi si za malaika, na wajibu wa mzazi ni kuuliza. Lakini kabla ya kuuliza, tuhakikishe kuna mtu mmoja katika chumba hicho aliye upande wake, hata kama ni nyanya tu, wa kusema: hebu mwacheni amalize. Tuhakikishe kwamba jibu la ndiyo na jibu la la hayampeleki mahali pamoja. Na shuleni, mwanafunzi asiamrishwe kutia sahihi barua ya kukiri ambayo hakuiandika wala hakuielewa.

Mambo hayo matatu hayahitaji mahakimu wenye hekima ya Suleimani. Yalikosekana Rouen, mahali palipojaa hekima, elimu na sala, na msichana wa miaka 19 akapelekwa sokoni asubuhi moja ya Mei.

Panapo majaliwa tukutane Jumapili ijayo.